Vichupa Nilivyoviosha Mno

Siku yenu ya kwanza kwenye chumba cha dharura mtaonyeshwa mwongozo. Mtaukuta umebandikwa ukutani ndani ya nailoni, na pembeni yake mna alama za vidole vya watu waliousoma wakiwa na haraka. Msiudharau, wala msiuabudu. Mimi nimefanya yote mawili kwa nyakati tofauti, ndiyo maana nimeamua kuwaandikia ninyi wauguzi wapya.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Kazini niliitwa Baba Tecla, kwa jina la binti yangu wa kwanza, na hata madaktari waliotoka mikoa ya mbali walijifunza kuniita hivyo kabla hawajajua choo kiko upande gani. Nilianzia kwenye zahanati za upande wa Masasi, kwenye joto na majabali, nikamalizia kwenye hospitali moja huku juu uwandani, ambako asubuhi ukungu unaingia wodini bila kubisha hodi. Hospitali yenyewe sitaitaja. Kosa nitakalowasimulia ni langu.

Lilitokea msimu wa korosho. Kama umetoka mkoa mwingine, hujui bado msimu huo unavyofika hospitalini. Unafika kwa pua kwanza. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yaliyoanguka yanaanza kuchacha mashambani, na upepo unaleta harufu tamu yenye ukali kidogo, kama kitu kinachofikiria kuwa pombe lakini bado hakijaamua. Ukiisikia harufu hiyo dirishani, ujue akina mama wameinama chini ya mikorosho, wanaingiza mikono kwenye majani makavu kuokota. Na humo humo kwenye majani amelala kifutu, nyoka mnene, mvivu, asiyependa kumpisha mtu. Basi kila msimu tulipokea watu walioumwa na nyoka, na kila msimu dawa ya sumu ya nyoka ilituishia kabla korosho hazijaisha.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Fidea, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alinifunza mambo ambayo hakuna mwongozo utakaowafunza. Alisema, "Mtazame mgonjwa machoni kabla hujatazama kidonda, la sivyo naye atajiona ni kidonda tu." Alinifunza kupasha mikono joto kabla ya kumgusa mtoto. Lakini kwa nyoka, njia yake ilikuwa moja: kaza kamba, chanja kwa wembe, choma sindano. Aliyeumwa na nyoka, aliyedhani ameumwa, aliyekanyaga mwiba akaona mjusi, wote walichomwa. Tulifanya kwa upendo, na tulikosea kwa upendo huo huo. Mwaka mmoja mkulima alifia mikononi mwetu, friji likiwa halina hata kichupa kimoja. Dawa ambayo ingemfaa tulikuwa tumewachoma watu waliokuwa na hofu tu. Sista Fidea alikwenda nyuma ya jengo akakaa peke yake hadi jua lilipogeuka. Hakuna aliyetuambia kwamba kulikuwa na njia nyingine, na sisi hatukuuliza.

Sisemi kwamba zamani palikuwa na huzuni tupu. Kuna mzee mmoja aliyemleta nyoka wake ndani ya dumu la mafuta ya kula, ili tumtambue. Akaliweka dumu juu ya meza ya mapokezi, akafungua kifuniko, akasema, "Huyu hapa, muulizeni mwenyewe." Nyoka alikuwa hai. Karani wetu, mama mwenye mwili wake, aliruka meza ambayo mpaka leo mimi siwezi kuiruka. Kwa hiyo somo dogo la bure: waambieni ndugu picha ya simu inatosha.

Miaka ilipita, tukajengewa jengo jipya la dharura, na pamoja na jengo akaja Daktari Rehema. Alikuwa binti mdogo kutoka Kagera, mrefu, mwenye adabu za kutisha. Kila asubuhi alinipigia shikamoo, na nikishaitikia marahaba, ananipa amri.

"Baba Tecla, shikamoo."

"Marahaba, Daktari."

"Baba, huyu kaka wa nyoka naomba tusimchome."

"Tusimchome? Sasa tumfanye nini, tumsomee gazeti?"

"Tumchore."

Nilidhani amechoka na safari. Lakini alitoa kalamu, akamchorea yule kijana mstari mguuni, pale uvimbe ulipoishia, akaandika saa pembeni yake. Baadaye akachota damu kidogo, akaitia kwenye mrija mpya wa kioo, akausimamisha dirishani. "Dakika ishirini," akasema. "Asiuguse mtu. Zikiisha tunauinamisha mara moja. Damu ikiwa imeganda, sumu haijaiharibu, tunamwangalia tu na kupima tena. Ikitiririka, ndipo tunachoma."

"Nani kasema?"

"Wamesema waliolipima jambo hili kwa wagonjwa wengi, Baba, siyo mimi. Hii dawa yenyewe inaweza kumdhuru mtu asiyeihitaji. Na anayeihitaji anaikuta imeisha."

Hilo la mwisho lilinigusa mahali. Nilimkumbuka yule mkulima.

Mkuu wa hospitali, yaani mganga mfawidhi, hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliusoma mwongozo aliouleta Daktari Rehema akiwa amesimama, akasema, "Msimu huu mmoja. Dawa ikiisha kabla ya korosho, karatasi hii inashuka ukutani na tunarudi kwenye tuliyozoea." Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mwongozo unaweza kumshawishi daktari kwa siku moja, lakini ndugu wa mgonjwa hakuusoma.

"Sisi tumemleta atibiwe," mjomba wa yule kijana alifoka, "ninyi mnamwandika kama daftari! Na damu yake mmeianika dirishani, mnasubiri iive?"

Kwetu mtu aliyetoka hospitali bila sindano hajatibiwa, amesalimiwa tu. Daktari Rehema alianza kueleza kwa Kiswahili kizuri cha darasani, na kila alivyoeleza, mjomba alizidi kuvimba kuliko mguu wa mpwa wake. Nikavua saa yangu, nikamfunga mjomba mkononi.

"Mjomba, hii ndiyo tiba yenyewe, na wewe una zamu. Mshale ukifika hapa utuite. Kabla ya hapo, mrija huu usiguswe na mtu yeyote."

Mjomba alisimama dirishani kama askari wa benki. Mganga mfawidhi alipopita na kutaka kuusogeza mrija, alifukuzwa. "Wewe nani? Toka hapo!" Naye mfawidhi akatoka. Dakika ishirini zilipotimia, damu ilikuwa imeganda vizuri. Kijana akalala kwetu siku moja, akapimwa tena, akaenda nyumbani kwa miguu yake, na sindano yake ikabaki frijini kumsubiri mwenye haja nayo. Chukueni hilo: anayesubiri bila kazi anaona amepuuzwa. Mpe kazi.

Nilianza kuupenda mwongozo. Niliupenda kama mtu mzima anavyopenda kitu alichokichelewa, yaani kupita kiasi.

Katikati ya msimu mirija mipya ya kioo iliisha. Maabara walikuwa na ya plastiki tu, na mwongozo ulisema kioo, tena kioo safi. Neno hilo, safi, nililielewa kwa damu yangu yote. Mama yangu alikuwa akisafisha vyombo vya kanisa la misheni karibu na Chidya, na alinilea nikijua kwamba glasi haijawa safi mpaka ukiipitisha kidole ilie. Nikaanza kukusanya vichupa vya kioo vilivyobaki baada ya dawa za sindano. Nikavitoa vizibo, nikaviloweka kwenye sabuni ya unga, nikavisugua kwa brashi ndogo, nikavichemsha, nikavipanga kwenye kitambaa cheupe juani. Viling'aa kama meno ya bibi harusi.

Lakini kumbukeni mahali tulipo. Huku juu maji ni ya kubembelezwa. Tangi letu lilikuwa limeshuka, na ukutani palikuwa na tangazo la kubana maji. Kwa hiyo sabuni niliweka kwa ukarimu, na maji ya kusuuzia niliweka kwa nidhamu. Nilijivunia yote mawili.

Kuanzia siku hiyo, damu za watu zikaacha kuganda.

Kila kichupa tulichoinamisha kilitiririka. Mama aliyeumwa kidole, akatiririka. Fundi baiskeli aliyeumwa na kitu asichokiona, akatiririka. Na mwongozo ukasema: ikitiririka, choma. Tukachoma. Chande wa maabara, Mmakua na mtani wangu mimi Mmakonde, akasema, "Nyoka wa mwaka huu wametumwa na Wamakonde." Tukacheka, tukachoma. Wiki haikuisha vizuri kabla friji halijabaki na dozi moja tu, na msimu ulikuwa bado nusu.

Mganga mfawidhi alimwita Daktari Rehema, na mimi nilisikia, maana mlango wake haufungiki. "Daktari, zamani dawa ilituishia mwisho wa msimu. Wewe umeimaliza katikati. Leo mchana tukutane idara nzima. Ile karatasi uje nayo."

Asubuhi hiyo hiyo, saa nne, wakaja wagonjwa wawili.

Wa kwanza alikuwa Somoe, mama wa makamo kutoka Makote, ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto kama anabeba mtoto wa mtu mwingine. Aliumwa akiokota korosho. Uvimbe ulikuwa umefika kwenye kifundo cha mkono. Hakulia. Alisema tu, "Nina watoto wanne, na huu ndio mkono ninaolimia."

Wa pili alikuwa Mzee Halifa, mtu mwenye heshima zake, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kila kitu kinachoweza kuwa na mwenyekiti. Aliumwa kwenye kifundo cha mguu, hakumwona aliyemuuma, na alikuwa anakufa kwa sauti kubwa sana. "Macho yananitoka! Baba Tecla, mwite mwanangu Dar! Mwambie shamba la chini asiliuze!"

Nikawachora wote wawili. Nikachota damu, vichupa viwili, dirishani, dakika ishirini. Nikainamisha. Vyote vikatiririka. Na dozi ilikuwa moja. Daktari Rehema aliagiza nyingine kwa simu, lakini aliambiwa gari litafika kesho.

Sasa sikilizeni jinsi tunavyoishi sisi. Somoe aliinua kichwa akasema, "Mpeni baba kwanza. Mimi nitangoja." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayempisha mkubwa kwenye mlango. Na katika chumba kile hakuna aliyeshangaa. Mzee Halifa mwenyewe alinyoosha mkono tayari. Hata mimi, mwenye miaka yote ile ya kazi, niligeuka kuelekea friji. Vipimo vilikuwa sawa, basi umri ungeamua. Daktari Rehema peke yake ndiye aliyesema, "Ngojeni," lakini hakuwa na sababu ya kuongeza baada ya neno hilo.

Nilirudi kwa Mzee Halifa kumwandalia mkono, nikabandua pamba pale nilipomchota damu. Haikubanduka. Ilikuwa imeshikana na ngozi, na chini yake palikuwa pakavu, na kidoti cheusi. Nikaenda kwa Somoe. Pamba yake ilikuwa imelowa tepetepe, na tundu la sindano lilikuwa bado linavuja polepole, kama bomba lisilofungwa vizuri.

Nikasimama katikati ya vitanda viwili. Damu ya mzee inaganda kwenye mkono wake mwenyewe, lakini haigandi kwenye kichupa changu. Basi nani mgonjwa, mzee au kichupa?

"Chande!" nikaita. "Una mrija wowote mpya wa kioo?"

"Iliisha, si unajua."

"Chande."

Akatazama dari. "Nina minne. Niliificha kwa ajili ya dharura."

"Na hapa unadhani ni wapi, harusini?"

Tukachota upya, mrija mpya wa mzee, mrija mpya wa Somoe. Halafu nikakunja mkono wa shati langu. "Na mimi nichote. Nitie kwenye kimoja cha vichupa vyangu."

"Umeumwa lini?" Chande akauliza.

"Chota tu, Mmakua."

Dakika ishirini hizo zilikuwa ndefu kuliko zote nilizopata kukaa. Daktari Rehema aliandaa dripu ya Somoe na dawa ya kutuliza mwili ukiikataa sindano, ili ikiwa ni yeye, tusipoteze muda. Mstari wa kwanza niliomchora ulikuwa umeshapitwa kwa vidole viwili. Mzee Halifa alikuwa akitoa wosia, na alikuwa amefika kwenye mbuzi. Saa niliishika mimi mwenyewe, na nilielewa kwa nini ndugu wanafoka.

Ilipotimia, niliinamisha mrija wa mzee. Damu yake ilikaa kitako, imeganda kama uji wa jana. Niliinamisha wa Somoe. Ukatiririka hadi ukingoni. Halafu nikainamisha kichupa changu kinachong'aa, na damu yangu, damu ya mtu ambaye asubuhi hiyo hakukutana na kitu hatari kuliko chapati ya kantini, ikatiririka kama chai.

Daktari Rehema alikitazama, akanitazama. "Baba Tecla, kwa kipimo hiki, na wewe umeumwa na kifutu."

"Ni sabuni," nikasema. "Niliviosha kwa sabuni."

Hakupoteza muda kunilaumu. Dozi ikaenda kwa Somoe, taratibu kwenye dripu, na mimi nikakaa naye nikimhesabia pumzi. Mzee Halifa alipoona sindano inapita kitanda chake, alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu afike. Halafu akasema, akiwa mzima kabisa, "Kumbe siku hizi wazee tunanyimwa dawa." Nikampa maji ya kunywa na shikamoo ya pili.

Mchana tukakutana. Mganga mfawidhi alikuwa amekaa, mwongozo uko mezani mbele yake, umeshabanduliwa. Daktari Rehema alisimama. "Mkuu, kosa ni langu, mimi ndiye niliyeuleta..."

"Daktari, mwanangu, kaa," nikasema. Sikuwahi kumwita mwanangu kabla ya hapo. "Mwongozo haukuleta sabuni. Sabuni nimeileta mimi."

Nikawaambia yote: vichupa, brashi, jua, kitambaa cheupe. Wanangu, hamjui aibu mpaka mzee wa idara aeleze mbele ya wanafunzi jinsi alivyomaliza dawa ya wilaya kwa usafi. Kuna mtu nyuma alicheka, akajikohoza.

Mfawidhi aliuliza, "Ulisuuza kwa maji kiasi gani?"

"Kidogo, mkuu. Kulikuwa na tangazo la kubana maji."

"Tangazo nililisaini mimi," akasema.

Daktari Rehema akaeleza basi, na wote tukajifunza siku hiyo, kwamba kioo kilichopitiwa na sabuni hakiigandishi damu kama kinavyopaswa, hata ukisuuza kwa maji ya mto mzima. Kioo kiwe kipya, basi. Waliouandika mwongozo walijua hilo, lakini karatasi yetu ya ukutani ilikuwa muhtasari, na mwenye kuufupisha hakumfikiria mwana wa msafisha vyombo vya kanisa. Mfawidhi akanisukumia karatasi na kalamu. "Andika mwenyewe, kwa maneno utakayoyaelewa." Nikaandika: *Mrija wa kioo, mpya. Usioshwe na mtu yeyote, hata kama anajua kuosha.* Ikarudi ukutani siku ile ile.

Zilipopita saa sita tangu apewe dawa, tulipima tena damu ya Somoe kwa mmoja wa mirija ya Chande. Iliganda. Niliuinamisha mrija mara moja kama sheria inavyosema, kisha nikatamani kuuinamisha tena kwa raha tu. Dawa tuliyoagiza ilifika kesho yake pamoja na mirija mipya ya kioo, na kuanzia hapo tukachoma wachache. Mabibo yalipokwisha kunuka na mvua zikaanza, mfawidhi alikuja mwenyewe kufungua friji. Boksi lilikuwamo, halijafunguliwa. Akaligusa, akafunga mlango, akaondoka bila neno. Kwa mtu kama yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Mzee Halifa yu hai. Tunakutana sokoni Newala, na kila tukikutana ananishtaki kwa wauza samaki.

"Huyu ndiye aliyeninyima sindano!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado mguu unanisumbua."

"Upi?"

Anafikiria kwanza. "Yote miwili."

Juzi aliniita pembeni, mbali na masikio ya wauza samaki. "Yule mama wa Makote. Yuko wapi siku hizi?"

"Yupo, mzee. Anaokota korosho."

"Kwa mkono ule?"

"Kwa mkono ule ule. Vidole vyote."

Alitikisa kichwa polepole, akaweka kofia yake sawa, akanitazama kama mwenyekiti anayefunga kikao.

"Basi sindano yangu," akasema, "ilifanya kazi."